Kusoma Kiingereza na Kukielewa: Mwongozo Kamili kwa Mtu Mzima

Watu wazima wengi wanaojifunza kusoma Kiingereza hukwama mahali pamoja. Wanachukua gazeti au kitabu kinene, wanaandika maana ya Kiswahili juu ya kila neno gumu, na wakifika ukurasa wa tatu wanachoka. Ukimuuliza mmoja wao habari ilihusu nini, atakutajia maneno aliyoyaona, lakini hataweza kueleza nani alifanya nini na kwa nini.

Umri haumzuii mtu kufaulu hapa. Kinachomwangusha ni kuchagua kifungu kigumu kupita kiasi, kisha kusoma mpaka mwisho bila kujipima. Kipimo kinachotumika katika mwongozo huu ni kimoja: hujaelewa kifungu mpaka uweze kukisimulia kwa Kiswahili bila kuchungulia.

Hatua hizi zinamfaa mtu anayeweza kusoma sentensi fupi za Kiingereza: aliyemaliza shule zamani, anayejiandaa na Mtihani wa Maarifa wa Tanzania, yaani QT, unaomfungulia mtu aliye nje ya shule njia ya mtihani wa kidato cha nne, au anayeletewa barua na mikataba ya Kiingereza kazini.

## Vitu vya kuandaa

- Kifungu cha maneno 150 hadi 300, kwenye karatasi ikiwezekana, kwa sababu utakichorachora.
- Penseli na kifutio. Usitumie wino, na usiandike Kiswahili juu ya neno la Kiingereza. Ukishaandika, kila ukirudia kusoma jicho litakimbilia Kiswahili na neno la Kiingereza halitaingia kichwani.
- Daftari moja lililopigwa mstari wa wima katikati ya kila ukurasa.
- Kamusi ya Kiingereza–Kiswahili, kama ile ya TUKI ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.
- Saa. Ukitumia simu, zima data. Programu ya kutafsiri isiguswe kabla hujamaliza hatua ya 4.
- Dakika 40 kwa siku, siku tano kwa wiki. Saa nne za Jumapili peke yake hazifanyi kazi ileile, kwa sababu maneno husahaulika katikati ya wiki.

## Hatua ya 1: Pima ugumu wa kifungu kabla ya kukisoma

Hesabu maneno 100 kutoka katikati ya habari. Usianzie aya ya kwanza, hasa ya gazeti, maana hujaa majina na vyeo na haionyeshi ugumu halisi. Piga mstari chini ya kila neno usilolijua. Majina ya watu na ya miji usiyahesabu.

- Maneno 0 hadi 2: kifungu ni chepesi. Kisome bila kamusi na ukitumie kujenga kasi katika hatua ya 8.
- Maneno 3 hadi 5: hiki ndicho cha kujifunzia. Kipitishe katika hatua zote.
- Zaidi ya 5: kiweke kando. Utakirudia baada ya miezi michache.

Wengi hupuuza mpaka huu kwa kuona aibu kusoma kitu chepesi. Mwaka 2000 watafiti Hu na Nation walichapisha matokeo ya jaribio la kusoma hadithi ambayo idadi ya maneno yasiyojulikana ilibadilishwa. Pale ambapo neno moja kati ya kila matano halikujulikana, hakuna msomaji aliyeelewa vya kutosha. Walikadiria kwamba ili wasomaji wengi waelewe bila msaada, maneno yasiyojulikana yasizidi kama 2 katika 100. Kwa hiyo anayeanza na kifungu chenye maneno 20 magumu katika 100 atashindwa hata akiwa na bidii ya kupigiwa mfano.

## Hatua ya 2: Tafuta vifungu vya kiwango chako

Ngazi ya chini. Tovuti ya African Storybook ina hadithi fupi za bure, na nyingi zinapatikana kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Zimeandikiwa watoto, lakini usizidharau. Unasoma ya Kiingereza, unasimulia, kisha unafungua ya Kiswahili na kujisahihisha mwenyewe bila mwalimu.

Ngazi ya kati. Tafuta vitabu vya hadithi vilivyorahisishwa kwa wanaojifunza. Katika mfululizo wa Oxford Bookworms, ngazi ya 1 hutumia maneno ya msingi 400, ya 2 hutumia 700, ya 3 hutumia 1,000 na ya 4 hutumia 1,400. Tovuti ya LearnEnglish ya British Council nayo ina vifungu vya bure vilivyopangwa kuanzia kiwango cha A1, yaani cha anayeanza, pamoja na maswali yake.

Ngazi ya gazeti. Hapa msomaji wa Kiswahili ana nafasi ambayo wengi hawaitumii. Mwananchi na The Citizen hutoka kampuni moja, vivyo hivyo HabariLeo na Daily News, na kwa Kenya Taifa Leo na Daily Nation. Chagua tukio moja, lisome kwanza kwa Kiswahili, kisha tafuta habari yake katika gazeti la Kiingereza. Ukishajua kilichotokea, ubongo unabaki na kazi moja tu ya kuona Kiingereza kinavyolisema. Usitarajie sentensi zilingane, kwa sababu waandishi ni tofauti na kila mmoja huchagua lake la kutangulia.

## Hatua ya 3: Soma mara ya kwanza bila kamusi

Soma kichwa cha habari na uandike kwa Kiswahili mstari mmoja wa unachotarajia kukikuta. Kisha soma kimya, mwanzo hadi mwisho, bila kusimama. Neno gumu lipigie mstari na uendelee.

Kwa nini kimya? Kiswahili husomwa kama kilivyoandikwa, Kiingereza sivyo. Ukisoma kwa sauti maneno kama "though", "through" na "enough", nguvu yote inaishia kwenye matamshi na maana inakupita. Kusoma kwa sauti kufanyike baadaye, kwa kifungu ambacho tayari umekielewa.

Tutumie kifungu hiki kifupi kama mfano hadi mwisho:

> The water supply repair team arrived on Monday, but the work they had promised to finish by Wednesday was put off because the pipes delivered from the warehouse were too small. Customers who have already paid for connection will not be charged again unless they move to another house. Those who have not paid should do so before the end of the month. Otherwise their applications will be cancelled.

## Hatua ya 4: Funika kifungu, simulia kwa Kiswahili

Geuza karatasi. Simulia kwa sauti, au andika sentensi nne hadi sita, ukijibu haya: Nani? Amefanya nini, au amefanyiwa nini? Kwa nini? Kuna sharti gani au matokeo gani?

Usimulizi ulioshindwa huwa hivi: "Ni habari ya maji, timu ilikuja Jumatatu, ikamaliza Jumatano, wateja watalipa tena wakihama na wasiolipa watafutiwa." Unasikika vizuri, lakini kazi haikuisha Jumatano, mabomba hayakutajwa, na wasiolipa wamepewa nafasi ambayo msimulizi hakuiona.

Usimulizi uliofaulu: "Mafundi wa maji walikuja Jumatatu. Kazi waliyoahidi kuimaliza Jumatano imeahirishwa, kwa sababu mabomba yaliyoletwa kutoka ghalani ni madogo mno. Aliyekwisha kulipia kuunganishiwa maji hatatozwa tena, isipokuwa akihamia nyumba nyingine. Ambaye hajalipa alipe kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo maombi yake yatafutwa."

Hapo kuna hoja tano: kufika kwa mafundi, kuahirishwa kwa kazi, sababu yake, hali ya waliolipa, na hali ya wasiolipa. Ukipata nne kati ya tano umefaulu. Ukipata mbili au tatu, nenda hatua ya 5. Ukipata moja, kifungu ni kigumu mno, rudi hatua ya 1.

Usiruke hatua hii kwa kuona inachosha. Ni rahisi sana kusoma ukurasa mzima ukihisi umeelewa, na usimulizi ndio unaofichua palipovuja.

## Hatua ya 5: Fungua sentensi zilizokukwamisha

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo. Mara nyingi msomaji anajua maana ya kila neno katika sentensi na bado sentensi yenyewe haimwingii. Sababu ni kwamba Kiingereza hupanga mambo kinyume na Kiswahili, au huficha kitu ambacho Kiswahili hukitaja. Mitego mikubwa ni hii.

Majina yaliyopangwa foleni. "Water supply repair team": majina manne yamefuatana bila kiunganishi. Kiswahili hutanguliza jambo lenyewe, yaani timu, kisha hueleza ni ya nini. Kiingereza huliweka mwisho. Anza na neno la mwisho na urudi nyuma: timu, ya ukarabati, wa usambazaji, wa maji. Jaribu na "school fees payment deadline". Neno la mwisho ni "deadline", kwa hiyo ni tarehe ya mwisho ya kulipa ada ya shule. Vichwa vya habari vya magazeti vimejaa foleni za namna hii.

"Amba-" iliyofichwa. Kwa Kiswahili tunasema kazi *waliyoahidi* kuimaliza. "Yo" inatuonyesha kwamba bado tunaeleza kazi. Kiingereza kinaweza kuacha alama hiyo kabisa: "the work they had promised". Dalili yake ni jina kufuatwa papo hapo na mtendaji mwingine, hapa "the work" kisha "they". Ukiona hivyo, ingiza "which" katikati na usome tena.

Mtego wa aina hiyohiyo uko kwenye "the pipes delivered from the warehouse were too small". Msomaji anaona "delivered" na kudhani mabomba ndiyo yaliyoleta kitu. Dawa ni penseli: zungushia mabano sehemu ya ndani, kisha soma kilichobaki. "The pipes [delivered from the warehouse] were too small." "The work [they had promised to finish by Wednesday] was put off." Ukishapata kiini cha sentensi, rudisha cha ndani. Fanya hivi kwa kila sentensi inayozidi maneno 20 mpaka jicho lizoee.

Kitenzi chenye kijineno nyuma. "Put" ni weka, lakini "put off" ni ahirisha. "Turn down" ni kataa, "call off" ni futa jambo lililopangwa, "look into" ni chunguza. Ukitafsiri vipande viwili mbalimbali unapotea. Kila kitenzi kifupi kikifuatwa na "off", "up", "down", "out" au "into", tafuta vyote viwili pamoja kwenye kamusi, chini ya kitenzi.

"It", "they", "those", "do so". Kiswahili kinatusaidia sana hapa: ukisikia "kimevunjika" unajua ni kiti, ukisikia "limevunjika" unajua ni dirisha. "It" ya Kiingereza haitoi msaada huo. Chora mshale kutoka kila kiwakilishi hadi jina linalorejelewa. Katika kifungu chetu "they" ya kwanza ni timu, ya pili ni wateja waliolipa, na "do so" maana yake walipe. Mshale usipopata pa kwenda, ujue umepotea sentensi moja nyuma. Rudi huko.

Maneno madogo yanayogeuza maana. Haya huangusha watu kwenye mitihani na kwenye mikataba kuliko maneno marefu:

- "Unless": isipokuwa kama. Wengi huisoma kama "if" na kupata kinyume cha kilichoandikwa.
- "Otherwise": la sivyo. Kinachofuata ni matokeo ya kutotii kilichotangulia.
- "By Wednesday" ni kabla Jumatano haijapita. "Until Wednesday" ni kuendelea mpaka Jumatano.
- "He hardly works": ni kama hafanyi kazi kabisa. Haina uhusiano na "works hard", ambayo ni kufanya kazi kwa bidii.
- "Few people came": waliokuja ni wachache mno. "A few people came": watu kadhaa walikuja. Herufi moja inabadilisha mtazamo wa mwandishi.
- "He should have paid": alipaswa kulipa, na hakulipa.
- "Although" na "despite": ingawa, licha ya. Hoja kuu iko upande mwingine wa sentensi.

Maneno haya yazungushie duara kila unapoyaona kwa miezi miwili ya kwanza. Huo ni muda wa kutosha kwa jicho kujifunza kusimama lenyewe.

## Hatua ya 6: Kamusi na daftari, kwa kiasi

Sasa fungua kamusi. Tafuta maneno matano hadi saba tu kwa kifungu kimoja: yale yaliyojirudia, au yale ambayo bila hayo hoja haieleweki. Ukiandika 30 hutayarudia, na neno lisilorudiwa halikai.

Kabla ya kutafuta, kisia maana kutokana na sentensi. Kisha linganisha. Kamusi itakupa maana nyingi, na ni juu yako kuchagua. "Charge" inaweza kuwa toza, shtaki, chaji au shambulia. Kwa kuwa kifungu kinazungumzia malipo, chagua toza.

Neno usipolipata, huenda limebadilika umbo. "Paid" iko chini ya "pay", "left" chini ya "leave". "Found" ina hatari zaidi: yaweza kuwa wakati uliopita wa "find", na yaweza kuwa kitenzi kingine chenye maana ya kuanzisha taasisi.

Kushoto mwa daftari andika sentensi nzima ya Kiingereza, neno likiwa limepigiwa mstari. Kulia andika maana ya sentensi hiyo kwa Kiswahili. Rudia kwa kufunika upande wa kulia: kesho yake, siku ya 3, ya 7, ya 14 na ya 30. Ukikosea, neno linaanza upya.

## Hatua ya 7: Jibu maswali kwa ushahidi

Kila jibu liambatane na namba ya mstari ulikolitoa. Jibu lisilo na mstari ni la kukisia, hata kama ni sahihi.

Wanaojiandaa na IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, hukutana na maswali ya "True", "False" na "Not Given", na mengi huwapotea hapo. Tofauti ionekane kwa kifungu chetu. "Aliyelipa atatozwa tena hata asipohama" ni "False", maana kifungu kinasema kinyume. "Mabomba yalitengenezwa nje ya nchi" ni "Not Given", maana kifungu kiko kimya. Yaweza kuwa kweli huko duniani, lakini swali linauliza kilichoandikwa. Ukitumia ujuzi wako wa maisha kujibu, unapoteza alama.

Kwenye mtihani soma maswali kwanza ili uokoe muda. Kwenye mazoezi ya kawaida simulia kwanza, kwa sababu maswali yenyewe hukudokezea majibu.

## Hatua ya 8: Jenga kasi mara moja kwa wiki

Chukua kifungu chepesi cha maneno 300, chenye maneno mageni yasiyozidi 2 katika 100. Kisome mara tatu mfululizo na urekodi dakika kila mara. Gawanya maneno kwa dakika: 300 kwa dakika 3 ni maneno 100 kwa dakika.

Lengo la kwanza ni kutoka 100 kufika 150, usimulizi ukibaki mzima. Mtihani wa IELTS wa kusoma una maswali 40 kwa dakika 60, na ule wa Academic, hasa wa wanaoomba vyuo, una vifungu vitatu vyenye jumla ya maneno kati ya 2,150 na 2,750. Kwa kasi ya 100, kusoma maneno 2,500 mara moja tu kunakula dakika 25. Kwa kasi ya 150 kunakula kama 17, na dakika nane zilizobaki zinakwenda kwenye maswali.

Kasi ikipanda na usimulizi ukashuka, umeanza kurukaruka mistari. Punguza.

## Ratiba inayofuatika

Jumatatu kifungu kipya, hatua ya 1 hadi 4. Jumanne hatua ya 5 na 6 kwa kifungu kilekile. Jumatano maswali na daftari. Alhamisi simulia tena kifungu cha Jumatatu bila kukisoma, kisha kisome kwa sauti. Jumamosi kasi, na baada ya hapo hadithi nyepesi kwa kujifurahisha, bila penseli. Siku ukikosa, endelea ulipoishia. Usijaribu kufidia siku mbili kwa kikao kimoja.

## Lini upande ngazi

Vifungu vitatu mfululizo vya ngazi moja vikikupa hoja nne kati ya tano, na maneno mageni yakawa 2 au chini katika 100, panda. Ukipanda, tarajia kushuka hadi hoja mbili au tatu kwa wiki chache. Ni kawaida. Ukibaki hapo mwezi mzima, shuka nusu ya njia: kifungu kimoja cha ngazi mpya kwa kila viwili vya ngazi ya zamani.

## Hati za kazini na za benki

Mkataba una kanuni zake na usiutumie kama zoezi la kwanza. "Shall" humo ni lazima, "may" ni ruhusa, "subject to" ni kwa sharti la. Pitia kwa penseli, zungushia maneno hayo matatu pamoja na "unless" na "otherwise", na uandike kwa Kiswahili kila sentensi yenye duara. Ukibaki na hata sentensi moja usiyoweza kuiandika, usitie sahihi. Mpelekee mtu anayeifahamu lugha na sheria, ukimwonyesha sentensi hiyohiyo, naye atakusaidia kwa dakika chache badala ya kusoma hati nzima.